Njia ya Glenys, Dakika Arobaini na Tano

Leonard Pobjoy alikuwa mtu wa ratiba. Miaka thelathini na minne alikaa ofisini akipanga mabasi yapite wapi na yafike saa ngapi. Hata alipostaafu na kuhamia kijiji cha Stoke Wimble, ambako basi lilipita Jumanne na Ijumaa tu, na hiyo Jumanne yenyewe kwa kujisikia, aliendelea kuchemsha yai lake dakika nne na nusu na kumkodolea macho kila aliyechelewa kanisani. Mambo ya kukosea aliyajua kwa kuyasikia. Wengine ndio waliokosea, yeye kazi yake ilikuwa kuwasahihisha.

Sasa mtu wa namna hiyo, Jumamosi moja ya mwezi wa Mei, alikuwa amesimama nyuma ya mlango wa jikoni kwake akimsikiliza binti yake Bryony akiongea na mumewe kwenye simu. Hakuwa akidukiza, jamani. Alikuwa akitafuta miwani, na miwani ilikuwa puani.

“Watu wa kambi ya watoto wanataka jibu leo jioni,” Bryony alikuwa akisema. “Lakini mimi nitawaachaje watoto wiki nzima na mtu ambaye...”

Hapo birika la chai likaanza kupiga mluzi. Lilipiga mluzi weee, na lilipotulia Bryony alikwisha kata simu, na Leonard akabaki na maneno nusu mkononi. Mtu ambaye nini? Mzee? Kiziwi? Nyonga aliyowekewa mwaka jana ilikuwa ya chuma kitupu, daktari mwenyewe aliisifu. Tangu mkewe Glenys afariki, miaka miwili sasa, nyumba ile ilikuwa na ukimya wa kukera, na wiki moja ya Agosti na wajukuu ndiyo kitu pekee alichokuwa akikisubiri. Ratiba ya wiki hiyo alikwisha ibandika kwenye friji, siku kwa siku, mpaka aina ya pudini. Watoto wakipelekwa kambini, ratiba ile angeibandua kwa mikono yake mwenyewe, na wazo hilo lilimuuma kuliko alivyotaka kukubali.

Basi akaamua. Leo hatakosea kitu hata kimoja. Akaingia jikoni akatangaza kwamba wote wanakwenda msituni kuona maua ya buluu, matembezi ya familia, dakika arobaini na tano kamili, na akatoa mfukoni kipeperushi.

Hicho kipeperushi ndicho kilichokuwa fahari yake. Glenys aliacha daftari dogo ambamo alikuwa ameandika njia aliyoipenda kuliko zote, na Leonard akaipiga chapa neno kwa neno, akaipa jina Njia ya Glenys, akachapisha nakala mia tatu. Nyingine ziliwekwa kanisani, nyingine dukani, nyingine kwenye kaunta ya baa. Yeye mwenyewe aliongeza vitu viwili tu kutoka kichwani: kwamba ni dakika arobaini na tano, na kwamba vigari vya watoto vinapita bila shida, maana Glenys aliwahi kumsukuma mjukuu wao Tabitha huko alipokuwa mchanga. Kwamba yeye Leonard njia hiyo hajawahi kuitembea ila nyuma ya mkewe, akimsimulia habari za mabasi bila kuangalia kushoto wala kulia, hilo hakuliona kuwa na uzito.

Na watu walikwenda, wala msidhani hawakwenda. Wiki tatu mfululizo Leonard alikaa kwenye benchi nje ya kanisa akiwauliza waliorudi. Wakamjibu kwamba ilivutia. Mmoja akasema ilivutia sana. Daktari wa meno, aliyerudi na kiatu kimoja, akasema hajawahi kutembea matembezi ya aina ile. Sasa watu wa nchi ile wana yao: mtu akikwambia kitu si kibaya, ujue amekipenda kufa, na akikwambia kinavutia, kaa chonjo. Leonard alizaliwa nchi hiyo akazeekea humo, hayo alipaswa kuyajua usingizini. Lakini sifa ikija kwako mwenyewe, unaipokea ilivyo.

Mlangoni ikawa shughuli. Rufus, mwenye miaka miwili, alifungwa mikanda kwenye kigari chake huku akilia kama anayepelekwa mahakamani. Tabitha, mwenye saba, alivaa magambuti yake, la kulia mguu wa kushoto, la kushoto mguu wa kulia, akasimama vidole vikitazama nje kama bata. Bryony akapiga goti, akambadilishia huku akinung'unika kwamba mtoto wa miaka saba bado hajui mguu wake.

“Najua,” akasema Tabitha. “Nimefundishwa.”

Hakuna aliyemuuliza na nani. Watu wazima wakati mwingine wana akili ya kuku.

Walianza vizuri. Walipita lango la kanisa, wakaingia msituni, jua likapenya kwenye majani machanga, na Leonard mbele na kipeperushi chake mkononi kama kondakta wa zamani. Walipofika kwenye mwaloni mkubwa uliopasuliwa na radi, akasimama akasoma kwa sauti: geuka kushoto. Kabla hajakunja karatasi, Tabitha alikwisha timua mbio kulia.

“Kushoto, Tabi,” akaita babu yake. “Nimesema kushoto.”

Tabitha akarudi na uso wa mtu aliyeonewa. Wakashika kushoto.

Njia ya kushoto ilianza kushuka. Mara ikawa nyembamba, mara ikawa laini, mara ikaanza kumeza magurudumu. Leonard akasema ni unyevu wa kawaida. Bryony, ambaye sasa alikuwa akisukuma kigari kwa tumbo, akauliza kama kweli vigari vinapita hapa, na baba yake akamjibu kwamba imeandikwa. Hakumwambia imeandikwa na nani.

Karatasi ikasema vuka daraja dogo la mawe. Walikuta mtaro wa maji meusi na gogo limelala juu yake, tena gogo lenyewe limeoza upande mmoja. Leonard akalitazama kwa muda. Kisha akatangaza kwamba hilo ndilo daraja, na kwamba neno mawe limetumika kwa maana pana. Kigari kilivushwa juu juu, Rufus ndani yake akipiga kelele za furaha, na Bryony akaacha kiatu kimoja kwenye tope, akarudi kukichimbua kwa mikono. Hakusema neno. Ukimya ule Leonard aliujua, Bryony aliurithi kwa mama yake.

Baada ya daraja, geuka tena kushoto, na mkono wako wa kulia utaona bahari ya maua ya buluu. Wakageuka kushoto. Mkono wa kulia kulikuwa na majani ya kuwasha, yamesimama kifuani, ekari nzima.

“Babu, haya yanawasha,” akasema Tabitha.

“Maua yako chini yake,” akasema Leonard. “Mwaka huu yamechelewa.”

Saa yake ilionyesha dakika hamsini na mbili. Akashusha mkono wa sweta juu yake ili isimtazame.

Hapo ndipo walipokutana na mtu na mkewe wakija upande wao, wametapakaa tope hadi kiunoni. Mume alikuwa amebeba kigari kichwani, kimekunjwa, na mke amebeba mtoto mmoja mbele na mwingine nyuma. Wakasalimiana kwa adabu zote za huko, wakakubaliana kwamba hali ya hewa ni nzuri, kwamba mvua ingenyesha ingekuwa mbaya zaidi, na kwamba matembezi yanavutia. Kisha yule mume akatoa mfukoni kipeperushi kilicholowa, akakitikisa.

“Samahani,” akasema, “huyu Glenys mnamjua? Maana mimi naona huyu mama hajawahi kukanyaga hapa maishani mwake. Hajui hata njia ya kwenda chooni kwake.”

Leonard angeweza kusema. Kulikuwa na nafasi ya kutosha ya kusema, mpaka ndege wakapata muda wa kulia mara mbili. Lakini Bryony alikuwa ubavuni, na jioni kulikuwa na jibu la kambi, na leo ilikuwa siku ya kutokosea.

“Watu wengine, bwana,” akasema Leonard.

Wale wakacheka wakaenda zao. Bryony akamtazama baba yake, akamtazama tu, kisha akainama akaendelea kusukuma. Leonard akahisi masikio yanamwaka. Miaka arobaini na moja ya ndoa, na mwanamke yule hakuwahi kumsema mumewe vibaya mbele ya mtu, hata siku ile Leonard alipoegesha gari kwenye mto akidai ni barabara. Na yeye amemuuza Glenys msituni kwa watu asiowajua, kwa ajili ya karatasi. Aliona aibu, aibu ya kweli, na akaendelea kutembea kwa sababu hakujua la kufanya nayo.

Geuka kushoto kwa mara ya mwisho, ilisema karatasi, na utatokea mahali ambapo hutapasahau. Hilo lilikuwa kweli kabisa. Walitokea katikati ya uwanja wa nguruwe.

Nguruwe walikuwa kama thelathini, wakubwa, wa rangi ya waridi, na wote wakageuka kuwatazama wageni bila mshangao wowote. Uzioni kulikuwa na kibao kilichoandikwa kwa rangi nyekundu: HAYA SI MAUA, HAWA NI NGURUWE. Kando ya kibao alisimama mwanamke mnene aliyevaa aproni na gambuti, mikono kiunoni.

“Wa tisa,” akasema. “Ninyi ni familia ya tisa wiki hii.”

Aliitwa Bi Tranter, shamba ni lake, na alikuwa na mengi kifuani. Aliwaeleza kwamba juzi alimkuta kasisi mstaafu ndani ya kihori cha chakula. Kwamba mama mmoja alimuuliza kama nguruwe wamepandwa hapa maksudi kwa ajili ya mandhari. Kwamba kuna daktari wa meno, na kiatu chake kililiwa na jike anayeitwa Duchess, ambaye tangu hapo hajisikii vizuri. Akachomoa kipeperushi kwenye aproni, akakipiga kofi.

“Nataka nimjue huyu Glenys,” akasema. “Nataka nikae naye kitako.”

Leonard akafungua mdomo. Kwenye ulimi kulikuwa na jibu tayari, lile la watu wengine bwana. Akamwangalia Bryony, nywele zina majani, kiatu kimeloa. Akamwangalia Tabitha. Akavua kofia.

“Glenys alikuwa mke wangu,” akasema. “Amefariki. Njia aliijua kuliko mtu yeyote, usimlaumu. Kipeperushi nimeandika mimi. Nimekosea mahali, na sijui ni wapi. Hapa penyewe sijui ni wapi.” Akakitia kipeperushi chake mfukoni. “Tumepotea. Tumepotea tangu kwenye mwaloni.”

Bi Tranter akashusha mikono kiunoni. Bryony akaacha kigari.

“Baba, rudia,” akasema polepole.

“Tumepotea.”

“Hilo sijawahi kulisikia kwako. Tangu nizaliwe.”

Rufus peke yake ndiye aliyekuwa hana habari. Alikuwa amepenyeza mkono kwenye uzio, amemshika Duchess sikio, na anamwita mbwa.

Tabitha naye alikuwa amekaa chini akimwaga tope kutoka kwenye magambuti yake. Alipomaliza akachukua moja, akalitazama kwa makini, akalivaa mguu wa kulia. Lilikuwa la kushoto.

Leonard alimwona. Safari hii hakuwa na karatasi ya kutazama, basi akamtazama mtoto.

“Tabi, hilo ni la mguu gani?”

“La kushoto,” akasema Tabitha, akiupiga kofi mguu wake wa kulia. “Huu.”

“Nani alikufundisha?”

“Bibi.”

“Na pale kwenye mwaloni, kwa nini ulikimbilia ule upande mwingine?”

“Ulisema kushoto, nikaenda kushoto,” akasema Tabitha, na machozi ya dhuluma ya asubuhi nzima yakaanza kumlenga. “Halafu ukanigombeza.”

Leonard akatafuta mahali pa kukaa, akapata ndoo iliyofudikizwa, akakaa. Glenys. Glenys na ramani mapajani ndani ya gari, akisema kushoto, Len, kushoto, huku mkono umenyooka kulia. Mwaka wa kwanza wa ndoa waligombana kila njia panda. Mwaka wa pili Leonard akaacha kusikiliza neno, akawa anafuata mkono, na hawakupotea tena. Miaka ikapita, akasahau kabisa kwamba kulikuwa na neno. Alipolikuta daftari hakukumbuka, akapiga chapa kushoto zote kama zilivyo, kwa herufi nzuri, nakala mia tatu. Na kwenye karatasi hakuna mkono.

Akawaeleza, na kabla hajafika mwisho Bryony alikuwa ameshika uzio anacheka mpaka anakosa pumzi, kwa sababu yeye naye aliwahi kwenda siku ya kwanza ya shule viatu vimepishana, na akapigana na mwalimu. Leonard akacheka. Akacheka hadi ikawa si kicheko tena, akatoa kitambaa akajifuta, na hakusema ni vumbi. Bi Tranter akawapa muda, akisingizia kumkemea Duchess.

Kisha akawaambia waingie ndani wanawe mikono. Mezani kulikuwa na skonzi, zimepangwa sahani baada ya sahani, na jamu, na birika la chai la kutosha mazishi. Leonard akauliza kama anatarajia wageni. Bi Tranter akawa mwekundu. Akasema tangu mumewe afariki mtu pekee aliyefika hapa ni mleta barua, naye hutupa barua kwa mbali kwa kuwaogopa nguruwe. Basi wiki hizi tatu, kwa kuwa watu wamekuwa wakija tu, wamelowa na watoto wanalia, angefanyaje, mtu atawaacha? Akaongeza kwamba kurekebisha karatasi ni vizuri, bila shaka, lakini kwani kuna haraka gani.

Leonard akafikiri. Akamuuliza kama huko baada ya maua hakuna njia kavu ya kushukia hapa. Ipo, akasema Bi Tranter, kupitia shamba lake la juu, na kigari kinapita, kinapita kweli. Ikakubaliwa kwamba nakala mpya zitakuwa na hatua moja zaidi, na kwamba kibao cha nguruwe kibaki, maana kinasema kweli.

Rufus aling'olewa kwa nguvu kutoka kwa Duchess, wakapanda shamba la juu, wakapita lango dogo, na maua hayo hapo. Hayakuwa yamechelewa. Yalikuwa yamejaa chini ya miti kila ulikotupa jicho, buluu juu ya buluu, na hakuna aliyesema yanavutia. Bryony alisema, si mabaya. Leonard akaitikia, si mabaya hata kidogo.

Wakasimama. Tabitha na mdogo wake walikuwa mbele, wanahesabu maua, wamefika tano na wameanza upya.

“Asubuhi ulinisikia kwenye simu,” akasema Bryony.

“Nilikuwa natafuta miwani.”

“Ulisikia mpaka wapi?”

“Mpaka kwenye mtu ambaye.”

Bryony akacheka kidogo. “Nilisema, nitawaachaje na mtu ambaye hata nyumba ikiwaka moto atasema moshi uko kwenye ratiba. Sikuogopa uzee wako, Baba. Niliogopa siku kitu kikiharibika hutapiga simu.”

Leonard akachomoa uzi kwenye sweta yake.

“Kambi nitawaambia hapana,” akasema Bryony. “Wiki mbili, si moja. Ukipotea, useme.”

Alitaka kumjibu vizuri, badala yake akampigapiga begani kama mtu anayekagua godoro. Bryony alielewa. Wiki ya pili haikuwa na ratiba yoyote kwenye friji, na Leonard aligundua kwamba hilo halimsumbui.

Jua lilipoanza kuegemea, Tabitha akaja akasimama mbele yake, magambuti bado yamepishana, vidole vinatazama nje.

“Babu, tunarudi njia gani?”

Leonard akatazama huku, akatazama kule. Miti ilikuwa ileile pande zote. Kipeperushi kilikuwa mfukoni, akakiacha hukohuko.

“Sijui,” akasema, na neno likamtoka kwa raha.

“Mimi najua,” akasema Tabitha. “Kushoto.”

Akanyoosha mkono wa kulia, akatangulia. Leonard akashika kigari, akaufuata mkono.